Usiende Chooni Wakati wa Uchaguzi

Mwongozo huu ni wako wewe unayehamia Nakuru, au Njoro, au Gilgil, ukiwa na nia njema ya kusoma Biblia kidogo kidogo na kukua kiroho bila kumsumbua mtu. Nia hiyo naisifu. Lakini ujue unakoingia. Nakuru ilipewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, na Rais Uhuru Kenyatta alipokuwa akikabidhi hati, sisi tayari tulikuwa na makanisa ya kutosha majiji mawili na akiba. Ukitembea Jumapili asubuhi kutoka Section 58 hadi Free Area utapita vipaza sauti vingi kuliko vituo vya mafuta, na kila kimoja kina neno lako wewe binafsi.

Darasa la kwanza utalipata kabla hujafika. Matatu ya Nakuru ikiwa stejini Nairobi, inasubiri abiria wawili wa mwisho, atapanda mtu aliyevaa koti kubwa kumliko, Biblia ya zipu kwapani. Huyo si abiria. Atasema "Bwana asifiwe," na wewe, kwa kuwa ulilelewa vizuri, utaitika "Amina" kwa sauti. Hilo ndilo kosa lako. Aliyeitika kwa sauti ndiye atakayetazamwa machoni kwa dakika saba zijazo. Wenzako wazoefu wameshajaza masikio yao simu. Mama wa dirishani amepatwa na usingizi wa ghafla. Mhubiri atasoma mstari mmoja, atauacha hapo hapo, atahamia kwenye ajali za barabarani, atalifunika gari kwa damu ya Yesu kuanzia bampa hadi bampa, kisha atapita na kofia. Toa shilingi ishirini, upate amani hadi Naivasha. Ila shika jambo moja: mstari aliosoma ulikuwa mmoja, na hakusema ule wa juu yake ulisemaje wala wa chini yake ulijibu nini. Utakutana tena na ugonjwa huo.

Ukishafika, jifunze salamu. "Bwana asifiwe" ni salamu, lakini pia ni kipimo cha joto. Msemaji akiongeza "Bwana asifiwe tena," ujue Amina ya kwanza haikumshibisha. Ikifika ya tatu, keti wima: kuna mchango.

Baada ya salamu utaulizwa kama umeokoka. Usijibu "nadhani hivyo." Usijibu pia kwamba ulizaliwa katika familia ya Kikristo, maana utakuwa umejishtaki mwenyewe. Kinachotakiwa ni tarehe. Hapa mgeni hucheka, naye akicheka amekosea, kwa sababu swali hilo limelipiwa. Uamsho uliowaka Gahini, Rwanda, na kuenezwa na watu kama Simeoni Nsibambi wa Uganda na daktari Mwingereza Joe Church, uliingia Kenya mwaka 1937 kupitia Kabete, ukaja hadi huku bondeni. Waliookoka, Wakikuyu wakawaita ahonoki. Walisimama mbele ya watu, wakataja dhambi kwa jina lake, wakarudisha jembe la jirani na pesa za mwajiri. Vita vya Mau Mau vilipokuja, wengi wao walikataa kula kiapo, wengine wakakataa pia bunduki ya serikali, na wapo waliouawa kwa hilo. Mtu wa namna hiyo akikuuliza tarehe, anayo haki. Siku hizi tarehe imebaki, jembe la jirani ndilo halirudi.

Mimi sina tarehe. Nina msimu: mvua ya masika ya mwaka fulani, nikisoma Injili ya Marko usiku kwa sababu stima zilikuwa zimepotea na sikuwa na la kufanya. Kila nikisimulia hivyo, wazee hunitazama kwa huruma, kama mtu aliyepoteza cheti cha kuzaliwa.

Sasa nunua Biblia. Simu inayo, najua, lakini ukifungua simu kanisani jirani yako ataamini unaangalia matokeo ya mpira, na mara nyingine atakuwa sahihi. Nunua ya karatasi. Utashauriwa ununue tafsiri ya Muungano, ile ya mwaka 1952, na ushauri huo ni mzuri mradi ujue ilikotoka. Ludwig Krapf alitua Mombasa mwaka 1844 na kuanza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo. Edward Steere akafanya yake Unguja. Baadaye Kiunguja na Kimvita vikawa na Biblia mbili zenye kutazamana kwa jicho la pembeni, mpaka zikaunganishwa. Kwa hiyo mkulima wa viazi kule Molo, kwenye baridi ya futi elfu nane, husomewa manabii kwa Kiswahili cha mahali penye minazi. Biblia Habari Njema ilikuja miaka ya 1990 na lugha nyepesi, na mimi huitumia kwa siri, lakini mzee wa kanisa akiiona huitazama kama soda iliyokwisha gesi.

Tufike kwenye hatari yenyewe.

Mkutano mkuu wa mwaka wa kanisa letu, ambalo sitalitaja kwa sababu bado naabudu pale, uliendelea kwa saa tatu. Ripoti ya mweka hazina ilikuwa imesomwa mara mbili. Nikatoka kwenda chooni. Nilipokuwa nanawa mikono nikasikia makofi, nikafurahi, nikadhani kikao kimefungwa. Nikarudi nikakuta watu wote wamegeuka wananitazama kwa upendo. Katibu alikuwa ameshaandika jina langu, herufi moja imekosewa. Nilikuwa mwalimu wa shule ya Jumapili, watoto wa miaka saba hadi tisa. Mwenyekiti alisema Roho ndiye aliyeongoza uchaguzi. Sikubishana; niliona tu kwamba Roho alisubiri nitoke.

Uchaguzi wa namna hii una kanuni zake, zijue. Anayenyamaza anachaguliwa kwa kuwa ni mnyenyekevu. Anayekataa anachaguliwa kwa kuwa Musa naye alikataa. Asiyekuwepo ndiye anayepita bila kupingwa. Kinga pekee ninayoijua ni kumpendekeza mwingine mapema, kwa sauti, tena kwa sifa nyingi, ukiwa umeketi. Waraka wa Yakobo, mwanzo wa sura ya tatu, unaonya watu wasikimbilie kuwa walimu maana hukumu yao itakuwa kali zaidi. Sijawahi kuusikia ukisomwa siku ya uchaguzi.

Mafunzo yangu yalichukua dakika nne. Nilikabidhiwa ufunguo wa stoo, boksi la chaki, kitabu cha masomo kilichoanzia ukurasa wa tisa, na picha ya safina ya Nuhu iliyokosa twiga. Nikaambiwa, "Mwalimu, Bwana atakusaidia." Alinisaidia, lakini kwanza aliniacha nipatwe na Yoeli.

Ilikuwa 2020, mapema, nzige walipokuwa wameivamia Kenya na kila redio ikiwazungumzia. Nikajiona mwerevu: nitawafundisha watoto sura ya kwanza ya Yoeli, habari za shambani, habari za juzi. Nikasoma Muungano. Ndani yake mna tunutu, mna nzige, mna parare, mna madumadu. Mkono ukainuka.

"Mwalimu, parare ni nini?"

"Ni mdudu."

"Na madumadu?"

"Pia ni mdudu."

"Na tunutu?"

Nikanyamaza kidogo ili jibu langu lipate uzito. "Wote ni wadudu wa jamii ya nzige."

Yule mtoto akafikiri. "Sasa kwa nini Mungu hakutuma wale tunaowajua?"

Nikawaimbisha. Huo ndio uokovu wa kila mwalimu aliyebanwa, na ukiingia darasa lolote la watoto Nakuru ukakuta wanaimba kwa nguvu zisizo za kawaida, jua kuna swali limezikwa hapo. Nyumbani nikafungua vitabu nikakuta kwamba hata wataalamu wa Kiebrania hawakubaliani kama hao ni wadudu wanne, au ni mdudu mmoja katika hatua zake za kukua. Jumapili iliyofuata nikawaambia watoto hivyo hivyo: wenye elimu hawajui, na mimi sijui. Walinisikiliza kimya kuliko siku zote. Pengine walikuwa hawajawahi kumsikia mtu mzima akisema hivyo mbele ya meza yenye kitambaa.

Nilipopanda cheo nikawekwa kuongoza somo la Biblia la watu wazima, kikundi cha Jumatano jioni huko Bahati, na hapo nikauleta ule ugonjwa wa matatu mimi mwenyewe. Mpwa wa mama mwenye nyumba tunamokutana alikuwa amefungua duka la M-Pesa. Nikaombwa neno la kuliombea. Nikafungua Ayubu 8:7, ule mstari wa mwanzo kuwa mdogo na mwisho kuongezeka sana. Unaujua. Uko kwenye ukuta wa kinyozi, uko juu ya mlango wa kinu cha posho, uko kwenye kioo cha nyuma cha matatu. Niliuhubiri kwa dakika ishirini. Watu waliitika. Mpwa alilia.

Baada ya sala ya kufunga, mama mwenye nyumba akaniita jikoni nimsaidie kumenya waru, yaani viazi. Tukaanza kumenya.

"Mwalimu, Ayubu umeisoma yote?"

"Karibu yote, mama."

"Karibu yote ni ngapi?"

Nikakiri kuwa ni sura mbili za mwanzo, pale mali inapopotea, na ile ya mwisho, pale mali inaporudi. Akaifuta mikono, akaleta Biblia yake iliyofungwa kwa mpira wa mfuko wa unga, akanionyesha kwa ncha ya kisu bila kugusa karatasi: maneno yale aliyasema Bildadi Mshuhi. Tena aliyasema akimwambia mtu aliyezika watoto kumi kwamba kama watoto hao wamekufa, bila shaka walikuwa na makosa, na yeye akijisafisha mambo yatamnyookea. Kisha akaniambia nisome sura ya 42 kwa sauti huku yeye anamenya. Pale Mungu anawakasirikia Bildadi na wenzake kwa sababu hawakunena yaliyo sawa. Dakika ishirini nilikuwa nimehubiri upande wa mshtakiwa aliyepatikana na hatia.

Nikamuuliza alijifunza wapi. Akasema TEE, miaka minne, kila Alhamisi, kitabu kimoja kwa wakati, huku akiuza viazi. Hiyo ni elimu ya theolojia inayomfuata mtu alipo. Wapresbiteri wa Guatemala ndio walioianzisha mwaka 1963, walipoona wachungaji wa mashambani hawawezi kuacha shamba na watoto waende chuoni miaka mitatu, na makanisa ya Kenya yakaichukua. Vyuo tunavyo, tena vya zamani: St. Paul's ya Limuru ilianza kule Frere Town, Mombasa, mwaka 1903, ikahamia Limuru 1930. Lakini mama yule hakuhama popote. Elimu yake ina madoa ya mafuta ya kupikia pembeni mwa kurasa. Na angalia alivyonirekebisha: si mbele ya watu. Katika Matendo ya Mitume, Prisila na Akila walimsikia Apolo akifundisha sinagogini kwa bidii na kwa upungufu, wakamwacha amalize, kisha wakamchukua kwao wakamweleza vizuri zaidi. Luka hakuandika kama palikuwa na viazi.

Kwa hiyo, mgeni, orodhesha mistari hii kama unavyoorodhesha namba za watu wa kukopa pesa. Ayubu 8:7 nimeshakwambia. Yeremia 29:11, ule wa mawazo mema na tumaini la mwisho, huandikwa kwa krimu juu ya keki kila kunapokuwa na mahafali ya Egerton kule Njoro. Ni mstari wa kweli, lakini umo ndani ya barua iliyotumwa kwa wafungwa wa Babeli, na mstari mmoja kabla yake barua inataja muda: miaka 70. Mhitimu wa miaka 23, kwa hesabu hiyo, ataona ajira akiwa na 93. Barua yenyewe, juu kidogo, iliwaambia wajenge nyumba, walime bustani, wauombee amani mji ule ule wasioupenda. Hilo sijaliona kwenye keki.

Wa tatu ni Zaburi ya 121, ile ya kuinua macho kuitazama milima. Huu utakupandisha Menengai. Volkeno yetu ina shimo la kilomita kama kumi na mbili kwa nane, mvuke unatoka mwambani, upande mmoja mitambo inachimba jotoardhi, upande mwingine mna mapango ambamo watu wamekuwa wakienda kufunga na kuomba kwa miaka mingi. Wako wazee wanaosema moshi ule ni roho za mashujaa wa Kimaasai waliotupwa humo vitani. Mandhari yenyewe humfanya mtu aombe hata kama alipanda kupiga picha. Nimekesha humo mara mbili, na sitakwambia usiende. Nakwambia tu kwamba katika Zaburi ile, kutazama milima kunaishia kwenye swali la msaada utoke wapi, na jibu linalofuata si mlima.

Hapa nauweka utani chini kidogo. Tangu 2023 watu wa Kenya hawawezi kuzungumzia kufunga kwa sauti ile ile ya zamani. Katika msitu wa Shakahola, Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, ya watu walioambiwa wafe njaa ili wakutane na Yesu, watoto wakiwa miongoni mwao. Nao walikuwa na Biblia. Walikuwa na mwalimu. Basi ukienda pangoni, nenda na maji, mwambie mtu wa nyumbani siku utakayorudi, na yeyote atakayekwambia uchome cheti chako cha shule, umtoe mtoto hospitalini au usiwaambie ndugu zako uliko, mwache akiwa bado anaomba, ushuke. Usingoje Amina.

Makesha nayapita haraka. Paulo mwenyewe alihubiri hadi usiku wa manane, kijana Eutiko akasinzia dirishani akaanguka kutoka ghorofa ya tatu. Paulo alimrudisha hai. Mchungaji wako usimjaribu. Keti mbali na dirisha.

Kuna sura moja ambayo nakuomba usiifundishe huku mpaka umekaa angalau mwaka mzima, nayo ni Luka 10, Msamaria Mwema. Kwingineko ni hadithi ya kuwafundisha watoto kusaidia majirani. Hapa, katika kikundi kimoja chenye watu kumi na wawili, ameketi aliyekimbia mapigano ya Molo mwaka 1992 na godoro moja, na ameketi aliyekimbia Naivasha Januari 2008 bila hilo godoro, na hawakuwa wakiwakimbia watu wa aina moja. Raphael Ndingi, askofu Mkatoliki wa Nakuru miaka ile ya tisini, aliyasema mapigano hayo waziwazi wakati wengi walikuwa wakisema kwa mafumbo, na wapo wasiomkumbuka kwa wema mpaka leo. Mimi, nikiwa na kiherehere cha mwalimu mpya, niliuliza kikundi: leo hii, hapa kwetu, Msamaria angekuwa nani? Kimya kilichoingia kilikuwa na jina la kila kabila la Bonde la Ufa. Mama wa viazi akaokoa jahazi kwa kuuliza swali ambalo sijalikuta katika kitabu chochote cha masomo: "Na wale wanyang'anyi, Luka amesema ni kabila gani?" Tukatazama. Hajasema. Tukasoma tena kutoka mwanzo, polepole, mmoja kwa Kiswahili, mmoja kwa Kikuyu, mmoja kwa Kikalenjin. Kweli hajasema. Mzee mmoja akavua kofia, akaishika mapajani, hakuivaa tena mpaka tulipofunga.

Utaombwa pia kupanda mbegu. Mgeni kutoka mashambani husikia neno hilo akatafuta jembe. Hapana. Mbegu ni pesa, shamba ni namba ya kulipia iliyoandikwa kwenye bango nyuma ya mhubiri, na mvua inategemea kiasi ulichotuma. Sina zaidi ya kusema kuhusu kilimo hicho. Wanaovuna nimewaona, na gari lao lina vioo vyeusi.

Mbegu nyingine ndiyo iliyonifunga mdomo. Tulikuwa kwenye Mathayo 13, mpanzi na udongo wa aina nne. Nikaeleza njia, mwamba, miiba na udongo mzuri, nikauliza kila mtu yeye ni udongo gani. Wote wakawa udongo mzuri, kama kawaida, isipokuwa mzee wa kofia, aliyekuwa ananitazama kama anayetazama fundi asiye na futi.

"Kijana, huyu mtu mbegu alinunua wapi?"

Nikasema Mathayo hajaeleza.

"Mimi nikinunua mahindi ya H614 nahesabu punje. Shimo moja, punje mbili. Ikianguka moja chini, nainama naiokota na mgongo huu wangu. Huyu anamwaga barabarani, anamwaga juu ya mawe, anamwaga kwenye miiba anayoiona kwa macho. Ni mlevi?"

Watu walicheka. Nikafungua kitabu cha masomo kutafuta jibu. Kitabu kilikuwa kimehamia kwenye maswali ya marudio. Mama mmoja akasema labda mbegu zake ni nyingi, hazimwishii. Mzee akakubali nusu: "Basi ni tajiri kupita kiasi." Akanyamaza, anasugua dole gumba juu ya ukingo wa kikombe. Kisha akasema, taratibu, kama anayejihesabia deni, kwamba kwake kulikuwa na njia ya kwenda mtoni, ngumu kama saruji, watu na ng'ombe wameikanyaga tangu enzi za walowezi. Daraja lilipojengwa juu zaidi, watu wakaacha kupita. Akailima kwa kijembe, mwaka wa kwanza haikutoa kitu, wa pili ikatoa majani. "Sasa hapo ndipo napata magunia. Lakini ilibidi watu waache kupita kwanza."

Nilikuwa nimeandaa hitimisho lenye vipengele vitatu, vyote vikianza kwa herufi moja. Sikulisoma. Nikaandika maneno yake pembeni mwa Mathayo 13 kwa kalamu ya kuazima, na kila nikiifungua sura hiyo nayakuta hapo, wino umeingia mpaka ukurasa wa nyuma yake.

Kama bado unataka kuja baada ya yote haya, tunakutana Jumatano saa kumi na moja jioni, maana yake saa kumi na mbili kasoro. Tuko katikati ya Yeremia, tumeanza sura ya kwanza wala haturuki kitu, kwa hiyo ule mstari wa keki tutaufikia karibu na Krismasi. Chai ipo, na waru. Nafasi ya mwalimu wa watoto wa miaka saba hadi tisa iko wazi tangu Januari. Choo kiko nyuma ya nyumba, upande wa kulia.